Jinsi ya kujenga katalogi ya maktaba ya shule kwa Koha, kuanzia rafuni mpaka kwenye skana

Walimu mliokabidhiwa maktaba ya shule juu ya vipindi vyenu vyote, na hakuna aliyewahi kuwafundisha ukutubi, huu mwongozo nimeuandika kwa ajili yenu. Na wakutubi wa vyuo vidogo pia karibuni. Nitaeleza namna ya kutoka kwenye leja na kadi, au kwenye lile faili la Excel ambalo anayelielewa ni mtu mmoja tu na kashahamishwa kituo, mpaka uwe na katalogi ambayo mwanafunzi anaandika jina la mwandishi anaona kitabu kipo rafu gani na kama kimeazimwa.

Nitatumia Koha, programu ya kuendesha maktaba. Ni ya bure, ina leseni huria, na vyuo vikuu vingi Kenya na Tanzania vinaitumia kwa hiyo ukikwama hukosi mtu wa kumuuliza. Ilizaliwa New Zealand, maktaba za wilaya ya Horowhenua zilikuwa na mfumo wa zamani ambao usingevuka mwaka 2000 salama, wakawapa kazi kampuni ya Katipo mwaka 1999, Januari 2000 ikaanza kazi na mwaka huohuo wakaiachia dunia nzima bure. Kwa hiyo hii kitu tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba ndogo za mji mdogo, msitishike na ukubwa wake.

Kabla hatujaanza niseme hili: seva itakufa, programu itabadilishwa, wewe mwenyewe utahamishwa, ila rekodi za vitabu ukiziandika vizuri zitaendelea kuishi. Ndo maana kwenye mwongozo huu kuinstali nitakupitisha haraka na kwenye rekodi tutakaa sana.

KWANZA: kwa nini usijitengenezee databesi yako

Kila shule ina kijana wa kompyuta anayesema "mwalimu mimi nakutengenezea mfumo wiki mbili tu". Anaweza kweli, na atakutengenezea jedwali lenye jina la kitabu, mwandishi, idadi. Shida inaanza hapohapo kwenye "idadi". Una nakala 40 za kitabu kimoja cha fizikia kidato cha tatu, mwanafunzi kachukua moja, idadi inakuwa 39, sasa ni ipi iliyotoka? Iliyorudi imechanika ni ileile aliyochukua au kabadilisha na mwenzake? Jedwali halijui.

Databesi ya maktaba inatenganisha vitu viwili, kitabu kama kazi (jina, mwandishi, mchapishaji, mada) na nakala moja moja zilizopo rafuni. Ndani ya Koha kuna jedwali linaitwa biblio la kazi, lingine items la nakala, borrowers la wasomaji, na issues la vitabu vilivyo nje sasa hivi. Rekodi moja ya fizikia, nakala 40 chini yake, kila nakala ina namba yake. Ukishaelewa hapo umeelewa nusu ya mfumo mzima.

Sababu ya pili ni MARC. Huu ni mpangilio wa kuandika rekodi za vitabu uliotengenezwa Library of Congress kule Marekani miaka ya 1960, mama mmoja anaitwa Henriette Avram ndiye aliyeuongoza, na mpaka leo maktaba za dunia nzima zinabadilishana rekodi kwa mpangilio huo. Maktaba zilizotumia CDS/ISIS ya UNESCO miaka ya 80 na 90 wanajua faida yake, waliofuata viwango walitoa data zao wakazihamishia kwenye mifumo mipya, waliojibunia mpangilio wao wengi ilibidi waandike upya kitabu kimoja kimoja. Mfumo wa kijana wako hautatoa faili la MARC. Koha inatoa.

HATUA YA 1: anzia rafuni, kompyuta isubiri

Toa vitabu vyote vilivyokufa. Vilivyoliwa na mchwa, mitaala iliyofutwa, mwongozo wa programu ya kompyuta ya mwaka 1994. Kuna taratibu za kufuta mali ya shule kwa hiyo usichome tu, vitenge, viorodheshe, mpelekee mkuu wa shule, lakini usiviingize kwenye katalogi. Kila kitabu kinakula dakika zako na utazihitaji.

Halafu gawa rafu kwa Dewey, yaani ule mpango wa kupanga vitabu kwa namba za mada. Shule haihitaji namba ndefu, tarakimu tatu na pointi moja mbili zinatosha isipokuwa sehemu mnazonunua sana. Kwetu sehemu hizo zinajulikana: fasihi ya Kiswahili ni 896.392, lugha ya Kiswahili 496.392, historia ya Tanzania 967.8, ya Kenya 967.62. Ziandike kwenye karatasi uibandike ukutani. Usikubali mtu akaweka riwaya zote za Kiswahili kwenye 800 tupu ati ni rahisi, mwaka wa pili hapatatafutika.

Leja usiitupe. Mkaguzi akija anaitaka leja, na namba ya leja ndo nitakayokwambia uitumie kama bakodi, ile mistari inayosomwa na skana.

HATUA YA 2: kompyuta na umeme

Desktop ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa maktaba ya shule, ikiwa na GB 8 na diski ya SSD utafurahi. Hiyo ndo seva. Usiitumie kwa kazi nyingine, isiwe ya kuchapia mitihani. UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, nunua hata kabla ya skana, databesi haipendi kuzimwa ghafla.

Angalia na saa. Kompyuta nyingi za zamani betri ndogo ya kwenye bodi imeshakufa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi, na kama hakuna intaneti haitajirekebisha. Kitabu kilichoazimwa siku hiyo tarehe ya kurudisha inakuwa ya zamani, ukigonga ripoti ya waliochelewa unakuta darasa zima limo. Betri yenyewe bei yake ndogo sana, badilisha, halafu seti majira (amri hii na zinazofuata unaziandika kwenye terminal, dirisha la amri, baada ya kuweka mfumo wa hatua ya 3):

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Intaneti sio lazima muda wote. Wenye kompyuta zingine wanaifikia Koha kwa brauza kupitia rauta ya ndani tu. Intaneti utaihitaji siku ya kuinstali, wakati wa kuvuta rekodi, na wakati wa kuapdeti. Seva ipe anwani ya kudumu kwenye rauta, tuseme 192.168.1.10, ili isihamehame.

HATUA YA 3: kuinstali

Weka Debian au Ubuntu ya LTS, hii ni mifumo endeshi ya bure inayochukua nafasi ya Windows, na LTS ni toleo linalotunzwa muda mrefu. Kisha ongeza hazina ya vifurushi ya Koha, maelekezo ya ufunguo wake yapo kwenye wiki ya jumuiya ya Koha na hubadilika kidogo toleo kwa toleo kwa hiyo yachukue pale pale. Baada ya hapo:

sudo apt update
sudo apt install mariadb-server koha-common
sudo a2enmod rewrite cgi headers proxy_http
sudo a2dissite 000-default

Fungua faili /etc/koha/koha-sites.conf, tafuta INTRAPORT uandike "8080". Fungua na /etc/apache2/ports.conf uongeze mstari wa Listen 8080. Maana yake ni kwamba wasomaji watafungua http://192.168.1.10 na wafanyakazi watafungua anwani hiyohiyo yenye :8080 mwishoni. Sasa tengeneza maktaba yenyewe:

sudo koha-create --create-db maktaba
sudo koha-plack --enable maktaba
sudo koha-plack --start maktaba
sudo systemctl restart apache2
sudo koha-passwd maktaba

Hiyo amri ya mwisho inakuonyesha paswedi, jina la kuingilia ni koha_maktaba. Fungua ukurasa wa wafanyakazi kwenye brauza, ingia, fuata maswali. Ikikuuliza aina ya MARC chagua MARC21. Itakupa uchague data za mfano, chukua zile za lazima pamoja na orodha ya seva za kuvuta rekodi, zile za wasomaji wa mfano achana nazo. Mwisho itakuomba utengeneze tawi, kundi la wasomaji, aina ya kitabu na akaunti yako. Hiyo akaunti yako ndo utumie kila siku, koha_maktaba ibaki ya kuinstalia tu, na kila mfanyakazi awe na akaunti yake ili ukikuta rekodi imefutwa ujue nani wa kuuliza.

Kama unataka menyu za Kiswahili angalia kama lugha ipo kwenye orodha ya koha-translate --list --available. Tafsiri zinafanywa na wanaojitolea kwa hiyo utakuta sehemu bado zipo Kiingereza, na hiyo ni nafasi nzuri kwa wanaoweza kusaidia kuzikamilisha.

HATUA YA 4: kubalianeni kanuni kabla ya rekodi ya kwanza

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo katalogi nyingi zinaharibikia. Kaeni mezani wote mtakaoandika rekodi, mchukue vitabu kumi vya aina tofauti, muandike pamoja. Yafuatayo muyamalize siku hiyo.

Majina ya waandishi. Mfano mzuri ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Vitabu vyake vya miaka ya 1960 vimechapwa na jina James Ngugi, vya baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o, na kuna wanaochapa bila zile alama juu ya u na i. Mwandishi mmoja, tahajia tatu, na kwenye katalogi isiyo na kanuni anakuwa watu watatu. Koha ina sehemu ya rekodi za majina, menyu inaitwa Authorities, unaandika jina mlilochagua kwenye tagi 100 (tagi ni namba ya sehemu moja ya rekodi ya MARC) na yale mengine yote kwenye tagi 400. Halafu nenda kwenye mapendeleo ya mfumo (System preferences) utafute IncludeSeeFromInSearches uiwashe, kisha ujenge upya faharasa:

sudo koha-rebuild-zebra -f -v maktaba

Mwanafunzi akitafuta James Ngugi, vitabu vilivyounganishwa na rekodi ile ya jina vitakuja vyote. Usipoiwasha, kazi yote ya tagi 400 haitamfikia msomaji anapotafuta, na ni jambo ambalo wengi hawalijui.

Majina yetu ya mtu-na-baba yake nayo yanahitaji uamuzi. Yule anayeandika jina lake, la baba na la babu, yupi aanze? Msibishane sana, angalieni Library of Congress wamemwingizaje, mfuate hivyohivyo, na asiyekuwepo kule mmwandike kwa jina la mwisho lililopo kwenye ukurasa wa jina. Cha muhimu ni wote mfanye sawa.

Jina la kitabu linaingia tagi 245, na kuna kijinamba kidogo pale pembeni ambacho wageni wanakipuuza. Ni kiashiria cha pili, kinaiambia kompyuta iruke herufi ngapi wakati wa kupanga. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na The unaandika 4, yaani herufi tatu na nafasi moja, kinachoanza na A ni 2, An ni 3. Kitabu cha Kiswahili ni 0 siku zote. Bila hicho kijinamba vitabu vyenu vyote vya The vitajipanga kwenye T.

Lugha: kwenye tagi 008, nafasi ya 35 mpaka 37, Kiswahili ni swa. Koha ina kidirisha cha kukusaidia pale, bonyeza vile vidoti. Ukiijaza vizuri leo, kesho mwalimu wa Kiswahili anaweza kuchuja vitabu vya lugha yake peke yake. Nimeona katalogi ambazo kila kitabu ni eng kwa sababu ndo ilivyokuja na fomu, inauma.

Mada, tagi 650: chagueni Kiswahili au Kiingereza, mshikilie. Mimi kwa shule naunga mkono mada za Kiingereza za Library of Congress kama zilivyokuja na rekodi, halafu unaongeza 650 moja au mbili za Kiswahili kwa maneno ambayo wanafunzi wenyewe wanaandika wakitafuta, mfano "Ushairi" au "Kilimo cha mahindi". Tagi inaruhusu kurudiwa, itumieni.

HATUA YA 5: vuta rekodi, usiandike kila kitu

Kwenye sehemu ya Cataloging kuna kitufe cha kutafuta kwa Z39.50, ni njia ya kuuliza katalogi ya maktaba nyingine moja kwa moja. Chapa ISBN, namba ya kimataifa ya kitabu iliyo jalada la nyuma au ndani, chagua Library of Congress, rekodi inakuja imekamilika, unaihifadhi na kuongeza nakala zako. Dakika mbili badala ya ishirini.

Wengi wanadhani Wamarekani hawawezi kuwa na vitabu vyetu. Wanavyo vingi. Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu 1966 na kazi yake ni kununua na kuandikisha machapisho ya ukanda huu, ndo maana hata riwaya iliyochapwa Dar au Unguja unaweza kuikuta kule na mada zake. Ukiona ISBN inaanza na 9966 ni ya Kenya, 9976 au 9987 Tanzania, 9970 Uganda. Isipopatikana kwa ISBN jaribu jina la kitabu pamoja na mwandishi, kwa sababu wakati mwingine rekodi ipo ila ni ya chapa tofauti. Hapo kuwa makini, linganisha mwaka na idadi ya kurasa kabla hujachukua, kama chapa ni nyingine nakili rekodi urekebishe tagi 020 (ISBN), 264 (mchapishaji na mwaka) na 300 (kurasa).

Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 usihangaike kutafuta ISBN, havina.

Vilivyobaki, yaani vile visivyopatikana popote, ndo vya kuandika kwa mkono. Na tafadhali viandikeni vizuri kuliko vyote, kile kijitabu cha historia ya wilaya yenu alichochapisha mzee mmoja kwa fedha yake, huenda katalogi yenu ndo mahali pekee duniani ambapo kimeandikishwa.

HATUA YA 6: kama tayari una Excel

Usiipuuze kazi ya mtu, inahamishika. Kwanza kabisa safu ya ISBN na ya bakodi zifanye Text, kwa sababu Excel ikiachiwa inageuza ISBN kuwa 9.78E+12 na kukata sifuri za mwanzo, na ukishahifadhi CSV hivyo tarakimu zimepotea hazirudi. Hifadhi kama maandishi yaliyotenganishwa kwa tabo, usimbaji UTF-8 ili ile ĩ isigeuke alama za ajabu.

Kisha tumia MarcEdit, ni programu ya bure ya Terry Reese, ina kifaa cha kugeuza jedwali kuwa MARC. Unaiambia safu ya kwanza iende 245 $a, ya pili 100 $a, na kuendelea ($ na herufi yake ni kisehemu ndani ya tagi). Za nakala zinaenda tagi 952: $a na $b tawi, $o namba ya rafuni, $p bakodi, $y aina ya kitabu. Msimbo wa tawi lazima ufanane herufi kwa herufi na ulioandika ndani ya Koha, ukiwa umeandika MAK kule na Mak huku jiandae kwa matatizo. Aina ya kitabu iweke na kwenye 942 $c.

Kwenye Koha unapakia faili kwanza sehemu ya Stage MARC records, hapo halijaingia bado, linasubiri. Likague. Jaribu na rekodi 20 kwanza, angalia zinavyoonekana kwa msomaji, ndipo uingize zote. Uzuri ni kwamba ukiingiza ukakuta mambo yamevurugika kuna kitufe cha kulitengua kundi lote.

HATUA YA 7: bakodi na stika

Swali ninaloulizwa sana: kitabu tayari kina bakodi nyuma, kwa nini nibandike nyingine? Kwa sababu ile ni ISBN, inatambulisha kitabu kama kazi, vile vitabu 40 vya fizikia vyote vina bakodi ileile. Wewe unahitaji namba ya nakala.

Tumia namba ya leja, na kama unaanza upya anza na 100001. Kuanzia laki moja kunakuepusha na zile sifuri za mwanzo. Usitie maana ndani ya namba, usiseme tarakimu mbili za kwanza ni somo na mbili ni rafu, kitabu kikihama somo namba inakuwa uongo. Kwa nakala nyingi, Koha ina kitufe cha kuongeza nakala kwa mkupuo, unaandika 40, na ukiwasha autoBarcode namba zinajipanga zenyewe.

Stika chapa kwa printa ya leza. Wino wa maji ukanda wa pwani, na jasho la mikono ya watoto, haumalizi muhula. Bandika nje, jalada la nyuma, pembe ya juu, juu yake weka tepu pana inayoonyesha kilicho chini yake, na namba hiyohiyo iandike kwa kalamu ukurasa wa jina, maana jalada hung'oka. Kwenye mgongo wa kitabu weka namba ya Dewey na herufi tatu za mwandishi.

Skana ya USB ya kawaida inafanya kazi kama kibodi, inachapa namba na kubonyeza Enter, basi. Kabla ya kulaumu Koha fungua kihariri cha maandishi chochote uskani stika, ukiona namba imetoka sawa na kishale kimeshuka mstari wa chini, skana ni nzima.

HATUA YA 8: wasomaji na kanuni za kuazima

Namba ya kadi iwe namba ya usajili ya mwanafunzi. Orodha ya shule iingize kwa CSV, kila mmoja na tarehe ya kuisha uanachama siku anayomaliza kidato cha nne. Taarifa ziwe chache, jina, kidato, mkondo, simu ya mzazi kama shule imeruhusu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, na hawa ni watoto, kwa hiyo alichosoma mtoto ni siri yake, usichapishe orodha ya nani kaazima nini ukaibandika mlangoni.

Kanuni za Koha zinakaa kwenye jedwali moja: tawi, kundi la msomaji, aina ya kitabu. Kwa mwanafunzi na kitabu cha kawaida siku 14 na vitabu viwili ni mwanzo mzuri, mwalimu mpe siku 30, kamusi na ensaiklopidia zifungie zisitoke. Faini ya fedha mimi siipendi kwa shule, mtoto asiye na mia tano anakimbia na kitabu moja kwa moja. Koha ina safu ya kumsimamisha kuazima kwa siku kadhaa badala ya kumtoza, tumia hiyo.

Kalenda ijaze mapema. Jumapili ni sikukuu ya kila wiki, 9 Desemba au 20 Oktoba ni ya kila mwaka tarehe ileile, lakini Idi inahama kwa hiyo unaiingiza kama siku ya mara moja kila mwaka. Na likizo yote ya Desemba uifunge, la sivyo watoto wanarudi Januari wamesimamishwa wote.

Kutoa kitabu ni kuskani kadi kisha kitabu, kupokea ni kuskani kitabu tu. Umeme ukikatika andika kwenye daftari namba ya kadi, bakodi na tarehe, ukirudi mtu mmoja aingize yote kabla ya kuhudumia mwingine. Waliochelewa unawapata kwa ripoti hii, ibandike sehemu ya ripoti za SQL:

SELECT p.cardnumber, p.surname, p.firstname, b.title, s.date_due
FROM issues s
JOIN borrowers p USING (borrowernumber)
JOIN items i USING (itemnumber)
JOIN biblio b USING (biblionumber)
WHERE s.date_due < NOW()
ORDER BY s.date_due

HATUA YA 9: bakapu na kuapdeti

Koha yenyewe inafanya bakapu kila siku na kuiweka /var/spool/koha/maktaba, mafaili mawili, moja linaishia .sql.gz na lingine .tar.gz. Ila zipo kwenye diski ileile, na za zamani zinafutwa baada ya siku chache, kwa hiyo diski ikifa zimekufa pamoja. Kila Ijumaa nakili yote mawili kwenye flashi au diski ya nje, na isikae chumba kimoja na seva. Kila muhula chukua kompyuta nyingine, instali Koha tupu, rudisha bakapu kwa koha-restore uone kama inafunguka kweli na vitabu vinatafutika.

Mbali na bakapu, kila mwisho wa mwaka nenda sehemu ya Export utoe rekodi zote pamoja na nakala kama faili la MARC. Hilo linasomeka na mfumo wowote wa maktaba, hata kama shule itaachana na Koha.

Matoleo makubwa yanatoka Mei na Novemba, namba inaonyesha mwaka na mwezi, kama 23.11. Huna haja ya kukimbilia, apdeti wakati wa likizo, chukua bakapu kwanza, kisha:

sudo koha-dump maktaba
sudo apt update
sudo apt install koha-common

Ikimaliza fungua ukurasa wa wasomaji, tafuta kitabu kimoja unachokijua, azimisha na urudishe nakala moja, na uangalie ripoti ya waliochelewa inatoa majina yaleyale ya jana. Kama utafutaji umerudi mtupu wakati vitabu vipo, ni faharasa, rudia ile amri ya koha-rebuild-zebra ya hatua ya 4.